Kisu Kinachojua Kiungo

Mguu wa mbele wa swala haukushikizwa mwilini kwa mfupa wowote. Bega lake limelala juu ya mbavu, limeshikwa na misuli na utando tu, ndiyo maana anayejua hahitaji shoka wala panga kuliondoa. Huuinua mguu kwa mkono wa kushoto, hupitisha kisu kwapani, hufuata ule utando mweupe unaong'aa, na mguu mzima huachia. Asiyejua huanza kwa kupiga. Hupiga mfupa ambao hakuwa na haja ya kuugusa, akajaza nyama vipande vya mfupa, na mwishowe bado analazimika kukata misuli ile ile ambayo mwenzake alianza nayo.

Kazi yote ya kuchuna na kugawa mnyama imo katika mguu huo mmoja. Kila kiungo kina mlango wake, na ufundi ni kuujua mlango kabla ya kuleta nguvu. Litapunga, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo mkoani Katavi, iko katika nchi ya miombo ambako maarifa haya yamekaa mikononi mwa watu kwa vizazi vingi. Vijana huyaanzia kwa mbuzi wa sikukuu na ng'ombe wa harusi. Wachache huyafikisha mbali, wakaajiriwa kama wachunaji katika kambi za uwindaji wa kitalii kwenye mapori ya akiba ya ukanda wa Rukwa. Hakuna kibao barabarani chenye majina yao. Ninataka kuwasifu polepole, kwa mwendo wa kazi yenyewe.

Nchi hii imejaa kumbukumbu za wawindaji. Jina la Katavi, lililobebwa na ziwa, kisha na hifadhi ya taifa, na tangu 2012 na mkoa mzima, linahusishwa na Katabi, mwindaji wa kale katika masimulizi ya Wabende. Inasemekana roho yake hukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na wapo wanaopeleka sadaka pale. Masimulizi humkumbuka aliyelenga. Aliyechuna hatajwi, ingawa watu walikula kwa kazi yake yeye. Shabaha humwangusha mnyama kwa dakika moja. Saa zinazofuata ndizo huamua kama kifo kile kitakuwa chakula au hasara.

Jambo moja lazima lisemwe mapema. Ninachokisifu ni kazi ya mkono juu ya mnyama aliyepatikana kwa halali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inataka leseni kwa kila anayewinda, na anayekamatwa na nyamapori bila kibali hukabili mashtaka. Sheria hiyo ina sababu zake. Mtafiti Tim Caro, aliyefanya kazi Katavi kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa hesabu za wanyama zilizofanywa kwa ndege, ukionesha kwamba wanyama wakubwa wa aina kadhaa katika mfumo wa ikolojia wa Katavi na Rukwa walikuwa wanapungua. Mnyama akiwa adimu, kumharibu baada ya kumuua ni kosa la pili juu ya kifo chake. Hapo ndipo mchunaji anapopata uzito wake.

Adui wake wa kwanza ni joto. Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai, asubuhi zikiwa bado na baridi, lakini kufika Septemba na Oktoba jua la Katavi huwaka hasa, nyasi zimekauka na kivuli ni haba. Mnyama aliyekufa bado ana joto la mwili la nyuzi 38 au 39. Ngozi yake hulizuia lisitoke, na tumboni majani aliyokula yanaendelea kuchacha na kutoa gesi. Mzoga ukiachwa hivyo juani, tumbo huumuka na nyama iliyo jirani nalo hushika harufu kabla ya jioni. Kwa hiyo mchunaji mzuri hufanya haraka katika kuanza na taratibu katika kukata. Huchagua kivuli, huvunja matawi mabichi yenye majani na kuyatandika, ili nyama isiguse mchanga hata kipande kimoja. Kisu kimeshanolewa kwenye kinoo tangu jana. Hakuna fundi anayeanza kunoa mbele ya mzoga. Mara nyingi ni kisu kilichofuliwa kwa springi ya gari, kifupi, chembamba kwa matumizi, na mwenyewe hapendi kukiazima.

Kabla yake kuna mchinjaji. Katika kundi lenye Waislamu na Wakristo, Mwislamu ndiye huachiwa kukimbilia mnyama angali hai, ataje jina la Mungu na kuchinja, ili nyama ile iliwe na kila mtu kambini na kijijini. Ni adabu ya kawaida katika nchi yetu, na ina faida yake ya kikazi pia, kwa sababu damu hutoka vizuri moyo ukiwa bado unapiga.

Mchunaji huanza kusoma nyama kwa macho kabla ya kuigusa. Mnyama aliyeanguka palepale, bila kufukuzwa, hufa na akiba ya sukari katika misuli yake, ile inayoitwa glaikojeni. Baada ya kifo sukari hiyo hugeuka kuwa asidi ya laktiki, na pH ya nyama hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5. Asidi hiyo kidogo huizuia nyama isioze upesi na huifanya iwe laini inapopumzika. Aliyejeruhiwa na kukimbia kwa muda mrefu amekwisha kuitumia akiba hiyo. Nyama yake hubaki nyeusi, kavu kwa juu, yenye kunata kwenye vidole, na haikai. Mchunaji huyajua haya kwa rangi na kwa mguso, na huitenga nyama hiyo ipikwe kwanza. Yeye ndiye anayepata jibu la kweli kuhusu mpigaji: kama shabaha ilikuwa safi, nyama itasema.

Kisha tumbo. Hapa ndipo mikono ya wanafunzi hutetemeka, kwa sababu kosa la nukta moja huharibu sehemu kubwa. Fundi hutoboa ngozi mahali padogo, hupenyeza vidole viwili, hukiweka kisu kati yake makali yakielekea juu, na vidole vinasukuma matumbo chini wakati kisu kinasonga mbele. Makali hayaoni utumbo hata mara moja. Huzungusha kisu kwenye njia ya haja ili utumbo utoke mzima, hufunga umio fundo shingoni ili majani yaliyotafunwa yasirudi, hukata kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na kwa mvuto mmoja wa taratibu vyote hutoka pamoja. Nyongo aihesabu. Swala wengi wanayo, imebandikwa kwenye ini, na tone lake likimwagika ini lote huwa chungu. Huikata na kipande kidogo cha ini kikiwa bado kimeishika, kwa sababu kupoteza kipande hicho ni nafuu kuliko kujaribu bahati.

Wakati huo huo anafanya kazi nyingine ambayo wengi hawaioni: anakagua. Ini lenye mabaka au minyoo, mapafu yenye uvimbe, bandama iliyovimba na kuwa nyeusi, vyote vina maana. Kubwa kuliko yote ni kimeta. Mnyama aliyekutwa amekufa mwenyewe, damu ikitoka puani na njia ya haja bila kuganda, hafunguliwi kabisa. Vimelea vya kimeta vikikutana na hewa hujenga mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa miongo mingi, zikisubiri mdomo mwingine wa kula majani. Mchunaji anayekataa kuchuna mnyama wa namna hiyo, huku watu wakiwa na njaa ya nyama na wakimnung'unikia, ameonesha kiwango cha juu cha kazi yake. Daktari wa mifugo humkuta amekwisha kusema hapana.

Ngozi ndiyo sehemu ninayopenda zaidi kuitazama. Baada ya mikato michache ya mwanzo, ndani ya miguu na katikati ya kifua, kisu hupumzishwa. Mzoga umetundikwa kwa kano za miguu ya nyuma, na mchunaji hukunja ngumi na kuisukuma kati ya ngozi na nyama. Utando unaachia kwa sauti ndogo ya kukwaruza. Ngumi haitoboi ngozi wala haikati nyama. Kisu kinarudi tu pale utando unapokaza, kwenye mbavu, mkiani na shingoni. Katika kambi za watalii ngozi ya kichwa na shingo huhesabiwa kama nyara, na mchunaji huichuna hadi kwenye kope, midomo na ndani ya masikio bila tundu, kisha huisugua chumvi kila kona ili manyoya yasinyonyoke. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa kwa kichwa kimoja, na hufanywa na mtu aliyeinama chini ya paa la nyasi wakati wengine wanasimulia walivyolenga.

Katika hatua hii kuna sheria ya mikono miwili. Mkono mmoja hushika manyoya, mwingine hugusa nyama, wala haibadilishani kazi. Sababu yake iko kwa kuro. Ngozi ya kuro hutoa mafuta yenye harufu kali, na wengi walioonja nyama yake hapo zamani huapa kwamba hailiki. Wanaoijua kazi hii wanasema tofauti: harufu ilitoka kwenye manyoya, ikapanda kwenye vidole, ikafika kwenye mnofu. Ukimchuna kwa mikono iliyotengana, nyama yake inalika vizuri. Swala pala naye ana tezi zenye manyoya meusi juu ya kwato za miguu ya nyuma, na fundi huzikwepa. Sifa mbaya ya mnyama mzima inaweza kuwa imetokana na mkono wa mtu mmoja asiyejali.

Sasa mzoga uko uchi na kazi ya kugawa inaanza. Dume la swala pala la kilo 60 huacha mzoga safi wa zaidi kidogo ya nusu ya uzito huo. Pofu dume anaweza kupita kilo 700, naye hufanyiwa kazi na watu kadhaa palepale alipoanguka. Mabega hutoka kwanza, kama tulivyoona. Kisha sarara, ile misuli mirefu miwili inayolala kila upande wa uti wa mgongo: kisu hushuka ubavuni mwa pingili, hugeuka kwenye mbavu, na mnofu hutoka mzima kutoka shingoni hadi kiunoni. Ndani, chini ya kiuno, kuna minofu miwili midogo, laini kuliko yote, na hiyo hutolewa kwa vidole karibu bila kisu. Paja hufunguliwa kwenye nyonga. Mchunaji huusukuma mguu nje hadi kichwa cha mfupa kionekane kwenye kikombe chake, hukata kano moja fupi iliyo ndani, na mguu huanguka kwenye mkono unaousubiri. Kidari hutenganishwa na mbavu kwenye gegedu. Shingo na mgongo hubaki kwa ajili ya supu. Shoka, kama lipo, limefanya kazi kidogo sana.

Tuutazame ufundi huo kutoka mbali kidogo. Huko Marekani, ambako watu wengi huwinda kulungu kila vuli, kuna biashara kubwa ya wachakataji wa kulipwa. Mwindaji hupeleka mzoga asubuhi na baadaye huchukua vifurushi vilivyogandishwa: steki, nyama ya kusaga, soseji. Ni msaada kwa asiye na muda wala mahali. Lakini swali moja huwasumbua wengi wao: je, nyama hii ni ya mnyama wangu? Vipande vya soseji mara nyingi huchanganywa kutoka mizoga kadhaa, na msumeno wa umeme hukata mifupa na kusambaza unga wake na mafuta ya uboho juu ya mnofu, mafuta ambayo huchachuka hata ndani ya friza. Jimbo la Wisconsin lilipogundua mwaka 2002 ugonjwa unaoshambulia ubongo wa kulungu, wataalamu wa afya walitoa ushauri rahisi: omba mnyama wako achakatwe peke yake, mnofu utolewe kwenye mfupa, na uti wa mgongo usipitishwe msumeno. Wengi walirudi kujifunza kukata wenyewe jikoni. Walichofundishwa na wataalamu wale ndicho mchunaji wa miombo amekuwa akikifanya kwa kisu chake: kufuata viungo na kuuacha mfupa mzima.

Kinachobaki baada ya mgawo hukutana na chanja. Nyama hukatwa vipande virefu kwa kufuata nyuzi zake, visizidi unene wa kidole, kwa sababu kipande kinene hukauka nje na kuoza ndani. Mafuta huondolewa, hayakauki, huchachuka. Chumvi hupakwa. Katika nchi hii ya magharibi chumvi ina historia yake yenyewe, maana maji ya chemchemi za Uvinza, kaskazini mwa Mpanda, yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi yake ilibebwa vichwani hadi mbali kabla ya reli. Chini ya chanja moto huwekwa mdogo, wa moshi zaidi ya mwali. Moshi hufukuza nzi na kuupa uso wa nyama ulinzi. Upepo mkavu wa kiangazi hufanya sehemu kubwa ya kazi. Robo tatu ya mnofu ni maji, kwa hiyo kilo tatu hurudi kuwa kama kilo moja, na kilo hiyo hudumu majuma mengi bila umeme. Mkaushaji hukaa na moto usiku kucha akigeuza vipande. Akilala, moto ukapanda, nyama huiva badala ya kukauka, na nyama iliyoiva haitunziki.

Je, ufundi huu una mahali katika Tanzania ya leo? Nchi jirani na yetu wenyewe zimejaribu njia kadhaa za kuuza nyamapori kihalali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini kwenye uwanda wa Athi, David Hopcraft aliruhusiwa kuvuna swala na kongoni wa ranchi yake. Walipigwa usiku kwa mwanga wa taa, risasi moja, kisha wakachunwa katika machinjio ya ranchi hiyo hiyo chini ya ukaguzi, na nyama ikaliwa katika mahoteli ya Nairobi, hadi uvunaji ulipositishwa mwaka 2003. Upande wetu, mradi wa uhifadhi wa Serengeti ulianza mwaka 1993 kuvuna nyumbu na wanyama wengine na kuwauzia wanavijiji nyama kwa bei ndogo. Magari, mafuta na mishahara vilikula zaidi ya nyama iliyopatikana. Kisha zikaja Kanuni za Uuzaji wa Nyamapori za mwaka 2020, zilizofungua mlango wa bucha maalumu: duka lililosajiliwa, nyama yenye chanzo halali, mnunuzi anayeondoka na risiti.

Bucha hizo ni jambo jema, na ninaziombea zidumu. Zinampa mwananchi wa kawaida nafasi ya kuonja mnyama ambaye nchi yake inamtunza, bila kumwogopa askari. Lakini mnunuzi anayesimama mbele ya friji ataleta swali lile lile la Marekani. Huyu ni mnyama gani? Alikufaje? Nani alimfungua, na alikaa juani kwa muda gani? Stakabadhi hujibu sehemu. Sehemu nyingine inajibiwa na nyama yenyewe, na anayeweza kuisoma ni mtu aliyezoea: anayetambua ngiri kwa weupe wa mnofu wake, pofu kwa mafuta aliyo nayo, tohe kwa umbo la mfupa wa bega, na aliyefukuzwa kwa giza la misuli yake.

Mtu huyo yuko tayari. Yuko Litapunga, Sitalike, Inyonga, Usevya, na mara nyingi anaitwa tu siku za sherehe, analipwa kwa kichwa au utumbo, na anarudi nyumbani. Bucha yoyote ya nyamapori itakayohudumia Mpanda ingefanya busara kumwajiri kwanza kabla ya kununua msumeno. Apewe mshahara, maji safi, koti jeupe na kijana mmoja wa kumfuata kila siku, kwa sababu ufundi huu haufundishiki ubaoni. Kijana lazima ahisi mwenyewe kano ya nyonga inavyokaza chini ya ncha ya kisu. Apewe pia neno la mwisho: akisema mzoga huu hauuzwi, usiuzwe, hata kama umelipiwa. Na jina lake liandikwe kwenye kifurushi, pembeni ya jina la mnyama na tarehe, ili mlaji ajue yupo mtu anayeweza kuulizwa.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kwa muda mrefu tumeichukua methali hiyo kama habari ya nguvu na bahati. Ukikaa na mchunaji kwa mchana mmoja unaona kwamba ukali wa kisu ni kazi ya jana, iliyofanywa kwenye kinoo na mtu mwenye subira, na kwamba nyama anayoifungua inaliwa na kijiji. Wanyama wa Katavi ni mali ya umma. Mmoja wao akiuawa kwa kibali, umma una haki ya kutaka afunguliwe na mkono unaojua, na wajibu wa kuulipa mkono huo.